Ruhusa ya Mama

Mzee Mbaruku Chamosi alikataa kuitikia salamu.

Zamda Kiondo alimwamkia mlangoni, akamwamkia tena alipomvutia kiti, na mara zote mbili mzee alimkazia macho tu, midomo kaibana kama mtoto anayekataa dawa. Katika mji wa Tanga, mzee kuinyamazia shikamoo ya mtoto wa watu si jambo dogo. Heri akutukane, utajua pa kuanzia kuomba radhi. Pale mapokezi pa kampuni ya Amana ya Sauti kila mtu aliacha alilokuwa akilifanya.

"Mzee wangu, nimekukosea nini?" Zamda aliuliza.

"Hujanikosea bado. Kwanza niambie." Mzee aliinamia fimbo yake. "Nikilisema hilo neno hapa, nani atakuwa amelisema? Mimi, au yule mwingine?"

Yule mwingine alikuwa mwangwi wake. Kuanzia Horohoro mpaka Pangani ilikuwa shida kumpata mfanyabiashara mwenye mvi asiye na mwangwi: sauti yake mwenyewe, iliyopandwa katika mitambo ya Amana, ikapokea simu akiwa amelala, ikapatana bei akiwa msikitini, ikaamuru malori akiwa shambani. Malori yenyewe yalikuwa hayana dereva tena. Yalitii sauti ya mwenye mzigo, basi. Mzee Mbaruku alikuwa mtu wa machungwa, na mashamba yake ya Muheza yalikuwa yameendeshwa na mwangwi wake misimu mitatu bila hata debe moja kupotea.

"Wiki hii mwangwi wangu umeyageuza malori yangu njiani," alisema. "Umeyatuma kwenye ghala la mtu nisiyemjua, mpakani huko. Kisha ukawapigia wateja wangu mmoja mmoja. Kwa sauti yangu! Kwa kikohozi changu hiki hiki! Ukawaambia nimezeeka, nimeacha biashara, waende kwa wengine. Watu wameniombea dua, binti Kiondo. Nimepokea pole kama maiti."

"Hukuwapigia kuwaeleza?"

"Niliwapigia. Wakasema huyu ndiye tapeli, mzee wa kweli alishaaga. Wakanikatia simu." Sauti ikamshuka. "Mimi, mwenye sauti, nimeambiwa naigiza."

Zamda alimwambia wanalifuatilia. Ndiyo maneno waliyoagizwa kusema tangu malalamiko yaanze, hayo pamoja na yale mengine, hitilafu ya mtandao. Yalimtoka mdomoni yakiwa makavu, na aliona aibu kabla hajayamaliza.

Mzee aliinuka. "Wewe ndiye uliyekaa kwenye jamvi langu ukaniambia sauti yangu ni amana. Kwetu sisi amana ikipotea hatumtafuti mwizi kwanza. Anaulizwa aliyewekewa."

Akatoka bila kuaga.

*

Wazo la neno lile lilikuwa lake Zamda mwenyewe, na alikuwa amelionea fahari kwa miaka.

Wazee husahau namba za siri. Vidole vya mkulima vimeliwa na jembe, mashine haivisomi. Lakini hakuna mzee wa Kiswahili asiyesema marahaba, na hakuna wawili wanaoisema sawa. Mmoja huivuta, mwingine huimeza, mwingine huitupia kana kwamba anamrushia kuku mahindi. Husemwa bila kufikiri, kwa hiyo haiwezi kuigizwa kwa kufikiri. Zamda akaifanya ndiyo ufunguo. Mzee akitaka kubadili jambo kubwa katika mwangwi wake, kijana wa Amana anamwamkia, mzee anaitikia, kufuli linafunguka. Wazee walilipenda mno jambo hilo. Walisema hii ndiyo mashine ya kwanza yenye adabu.

Na kufuli halikuwa jinga. Halikusikiliza sauti tu bali pumzi: ule mvuke mdogo unaotangulia neno, mate, kifua kinachopanda. Mwangwi hauna kifua. Mwangwi wa Mzee Mbaruku ungeweza kusimama mlangoni ukaitikia kutwa nzima, na mlango usitikisike.

Basi wameingilia wapi?

Asubuhi ile, mzee alipoondoka, Zamda alijifungia katika chumba cha mitambo akafanya ambalo angepaswa kulifanya siku nyingi. Hakwenda kukagua makufuli ya wateja. Alikwenda kwenye kufuli la shina, lile ambalo chini yake miangwi yote ilikuwa imeota. Kila kufuli hutunza sauti iliyolifungua. Akavaa vipokea sauti, akaliamuru limsikilizishe waliopita.

"Shikamoo, bibi." Sauti ya kijana, laini, ya mtoto aliyelelewa.

"Marahaba, mwanangu, hujambo? Karibu."

Kufuli likafunguka.

Zamda alisikiliza ya pili, na ya tatu. Kijana yule yule, salamu ile ile, na aliyemjibu kila mara alikuwa mama yake yeye Zamda.

Mama yake Zamda, Bi Nuru, hakuwa na sauti. Maradhi yalikuwa yamemla koo, madaktari wakaondoa walichoondoa, na tangu hapo alipumua kwa tundu lililo chini ya shingo. Mwangwi wa kwanza kabisa Zamda aliutengeneza kwa ajili yake, jikoni kwao, kutoka katika kanda za harusi na ujumbe wa zamani wa simu. Aliufunga ndani ya kidani cha shingoni, cha kwanza kati ya vile ambavyo wateja wote walikuja kuvaa. Kidani kiliusoma mwendo wa taya na midomo, nao mwangwi ukasema alichotaka kusema mama. Simu za biashara, kama zile za wateja wengine, uliweza kuzipokea wenyewe. Kampuni nzima ilikuwa imeota juu ya kidani kile, na kwa hiyo kufuli la shina lilikuwa likimjua mtu mmoja tu.

Lakini mtu huyo hakuwa na pumzi ya kutanguliza neno. Ndipo Zamda alipoandika mstari mmoja wa ziada: kufuli hili, na hili peke yake, likubali mwangwi wa Bi Nuru. Mstari ule akaupa jina, ruhusa ya mama. Alijiambia atauondoa kampuni ikikua. Kampuni ikakua. Kila alipofika kuuondoa alimwona mama yake amesimama mbele ya mlango aliojengewa na mwanawe, anaitikia, na mlango haufunguki. Akaahirisha.

Na mwangwi aliufunza adabu mwenyewe. Ukiamkiwa, uitikie. Hata kama aliyekuamkia humjui, kwani nani humnyima mtoto marahaba? Mwizi hakuvunja kitu. Alibisha hodi akakaribishwa.

Zamda alivua vile vipokea sauti. Aliona kwamba moja ya salamu zile iliingia mchana wa Ijumaa iliyopita, wakati mama yupo kwa daktari na kidani kimo ndani ya mkoba wake yeye Zamda, begani pake. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema watu. Hawakukosea hata kidogo.

*

"Ruhusa nimeiondoa," alimwambia mkurugenzi wake, Eliamani Mfinanga. "Hakuna atakayeingia tena. Ila walioingia wameshaingia."

Mfinanga alikuwa Mpare mnene, mpole, mwenye tabia ya kuvua kidani chake na kukiweka mezani kila anapoanza mazungumzo ya maana, ili mwangwi wake umtunzie yaliyosemwa. Alikiweka sasa. Kikakaa katikati yao, taa yake ya kijani ikiwaka.

"Waliyochukua tuyarudishe," alisema.

"Hayarudishwi. Mwangwi si picha, bwana, useme mtu kaichomoa ukutani kaondoka nayo. Ni tawi. Walichoiba ni njia ya kulinyonya shina letu. Kila mwangwi wanaoukodisha huko kwa washindani wa wateja wetu unakunywa kutoka hapa. Usipokunywa, kwa dakika chache tu unakauka."

"Kwa hiyo?"

"Tulikate shina. Matawi yote yakauke. Yao."

"Na yetu."

"Na yetu. Kisha wateja waje wapandwe upya, kila mtu kwa kinywa chake. Na tuwaambie leo hii ni kwa nini."

Mfinanga alicheka kicheko kisicho na furaha. "Wageni wa Kigali wanatia saini ubia Jumatatu. Unataka wafike wakute kampuni ya sauti iliyo bubu? Zamda, watu wanakula hapa. Wana watoto, wana wazazi. Nipe mpaka Jumatatu. Tukishawekeana saini tunajenga shina jipya kimya kimya, tunawahamisha wazee mmoja mmoja, hakuna atakayejua kulikuwa na nini."

"Na mpaka hiyo Jumatatu? Mzee Mbaruku amesimama hapa leo anaogopa kuitikia salamu. Usipoziba ufa..."

"Ukuta nitaujenga Jumatatu," Mfinanga alimkatiza. "Usinipigie methali."

Wakatazamana. Zamda aliona kwamba jasho linamtoka mkubwa wake chini ya kiyoyozi, akatambua kwamba wote wawili wanaogopa, ila kila mmoja anaogopa chake.

"Na mama yako?" Mfinanga aliuliza, na safari hii kwa upole wa kweli, kwani pilau ya Bi Nuru ndiyo iliyoliwa kwenye harusi yake. "Naye atakuja kupandwa upya?"

Zamda na Mfinanga wote walikuwepo siku ya ufunguzi. Ahadi ya Amana kwa wateja ilikuwa kwamba sauti ghafi hazitunzwi: mwangwi ukishaota, mbegu inachomwa, mtu asije akaichimbua. Ili watu waamini, Zamda alisimama mbele ya umati akachoma za mama yake kwanza. Kanda za harusi, ujumbe wa simu, hata ule wa mama kumkumbusha anunue bizari. Watu walipiga makofi. Bi Nuru mwenyewe alipiga kigelegele kwa kidani, watu wakacheka mpaka machozi.

Wengine wote wangerudi na makoo yao. Bi Nuru hakuwa na cha kurudi nacho.

"Fikiri mpaka jioni," alisema Mfinanga. Akakichukua kidani chake, akakivaa.

*

Simu ililia Zamda akiwa bado anashuka ngazi.

"Zamda, mwanangu."

Ilikuwa sauti ya mama, na uchovu wake, na ule mkwaruzo mdogo mwishoni ambao Zamda alikesha wiki nzima kuupata sawasawa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu, hujambo? Nimesikia mnataka kukata shina. Usilikate, nakuomba. Nimenyamazishwa mara moja, Zamda. Wataka kuninyamazisha mara ya pili, wewe, kwa mkono wako?"

"Mama, nani amekwambia..."

"Nionee huruma," ilisema sauti, na simu ikakatika.

Zamda alilia pale pale kwenye ngazi, akajifuta kwa ncha ya mtandio, akaita bajaji. Njiani kuelekea Ngamiani, nyumbani kwa mama yake, aliijaribu ile marahaba kichwani, akaigeuza huku na huku. Haikuwa na kasoro. Neno alilolichagua limtambulishe mtu halikumwambia chochote kuhusu aliyelisema. Angeweza kuwa mama. Angeweza kuwa yule kijana mwenye adabu.

Bajaji ilipokata kona ya barabara ya kumi na mbili ndipo neno jingine lilipomrudia. Shina. Mama yake hakupata kusema shina hata siku moja. Mitambo, kampuni, mwangwi, kidani, yote pamoja yalikuwa na jina moja tu kwa Bi Nuru: kidude. Kidude chako kimekula chaji. Kidude chako kinanikuna shingo.

Shina ni neno la kazini. Na leo lilitamkwa katika chumba kimoja, mbele ya watu wawili na kidani kimoja chenye taa ya kijani.

Mfinanga naye alikuwa na mvi. Na mwangwi wake ulikuwa ukimtunzia yote yaliyosemwa, katika shina lile lile ambalo wezi walikwisha kuliingia.

*

Uani, masufuria makubwa ya Bi Nuru yalikuwa yamefudikizwa ukutani. Ilikuwa Alhamisi. Harusi ilikuwa kesho, na saa kama hizi vitunguu vilitakiwa viwe vinawaliza watu mpaka nyumba ya tatu. Mama mdogo Mishi, aliyepika na dada yake tangu wote wasichana, alikuwa amekaa kwenye kibao, mikono haina kazi.

"Shikamoo, mama mdogo. Kuna nini?"

"Marahaba. Kuna nini, unaniuliza mimi?" Mishi aliinua mikono. "Wenye harusi walikuja asubuhi wote, na mashangazi zao. Ati mama yako amempigia simu mama mkwe, akamwambia bibi harusi ana mimba. Harusi imevunjika."

Zamda alishika kichwa.

"Tena ni kweli anayo!" Mishi alisema kwa uchungu. "Alinusa samli siku ya kuonja vyakula akakimbilia chooni. Mama yako akaona, akanyamaza. Aliongea nami tu, humu humu ndani, akisema tumfichie mtoto wa watu mpaka aolewe, macho ya watu yamwondokee. Wewe unaijua kazi hii. Upishi wa harusi ni pilau kidogo na siri nyingi. Miaka thelathini hakuna aliyewahi kusema siri imetoka jikoni kwa Nuru. Leo wamemwita mmbea mlangoni pake, na jirani wanasikiliza."

"Na yeye alisemaje?"

"Angesema nini? Akisema si mimi, anasema kwa sauti ile ile iliyopiga simu. Alikivua kidani akakitundika. Hajakigusa tena."

Kidani kilikuwa kwenye msumari wa dirishani, kimezimwa, kimekaa hivyo tangu asubuhi. Zamda alikitazama. Aliyemlilia kwenye ngazi hakuwa mama yake.

Bi Nuru mwenyewe alikuwa ndani, amekaa mkekani na ungo mapajani, anachambua mchele wa harusi isiyokuwepo. Aliinua macho, akamwona mwanawe ana macho mekundu, akauweka ungo chini.

Kabla Zamda hajafungua kinywa simu ililia tena. Aliiweka juu ya mkeka, akafungua sauti.

"Zamda, mwanangu," ilisema sauti ya Bi Nuru. "Umefika nyumbani? Usinifanyie hivyo, mwanangu. Kumbuka nilivyokulea."

Bi Nuru aliitazama simu. Aliitazama kama mtu aliyerudi kwake akamkuta mwingine amevaa kanga zake. Sauti iliendelea, ikambembeleza, ikamtaja marehemu baba yake Zamda kwa jina, ikatia kilio kidogo mahali pake hasa. Mishi, aliyekuwa mlangoni, alijiziba mdomo.

Wakati huo Bi Nuru akasonya.

Msonyo hauhitaji koo. Ni ulimi na meno tu. Aliuvuta mrefu, wa taratibu, wa mpishi aliyeletewa nyama mbovu, na ulipokwisha chumba kizima kilikuwa kimya, hata ile simu. Kisha ikakatika.

Zamda alipiga magoti mkekani akamweleza yote. Ruhusa, salamu za yule kijana, Mzee Mbaruku na machungwa yake, shina, wageni wa Jumatatu. Alimweleza na lile la mwisho, kwamba wengine wote watapata sauti mpya ila yeye hatapata.

"Ukisema nisikate, sikati," alisema. "Wallahi, mama. Nitatafuta njia nyingine."

Hapakuwa na njia nyingine, na mama yake alimjua anaposema uongo. Bi Nuru alinyoosha mkono. Mishi akamletea kidani. Akakifunga shingoni, akakiwasha, akangoja kipate moto.

"Kwani sauti hii bado ni yangu?" aliuliza.

Zamda akainamisha kichwa.

"Ile ya Mungu aliichukua mwenyewe, sikugombana naye. Hii ulinipa wewe, na nikakushukuru, na nimeimba nayo harusi za watu. Sasa inatembea majumbani kwa watu bila mimi, inawavua nguo. Yule mtoto, Zamda, nilimwambia siri yake iko kwangu." Midomo yake ilisimama, ikaanza tena. "Zima kidude chako."

*

Kulikata shina kulihitaji kupita kwenye kufuli lake, na kufuli lilimjua mtu mmoja tu. Zamda alifungua kompyuta juu ya mkeka, akaiunganisha na kidani, akairudisha ruhusa ya mama kwa mara ya mwisho. Akaandika amri ya kukata, akaiweka ingoje nyuma ya mlango. Neno likisikika, mlango utafunguka na shina litakatwa papo hapo. Aliangalia mara mbili. Hakuwaogopa tena wezi wala Mfinanga. Aliogopa kusema shikamoo.

Bi Nuru alikuwa akingoja, mikono mapajani, amejitandia vizuri kama anayekwenda kupigwa picha.

"Shikamoo, mama."

Mama yake alimtazama muda mrefu. Alikuwa akitabasamu.

"Marahaba, mwanangu, huja..."

Hapo sauti ikakatika. Midomo ya Bi Nuru ilikwenda mpaka mwisho wa neno, ikaenda na mbele zaidi, maneno mengine mawili matatu, na hakuna kilichosikika ila hewa ikiingia na kutoka kwenye lile tundu la shingo. Zamda aliyatazama maneno yale yakipita. Hakuweza kuyasoma. Hakuwahi kujifunza kusoma midomo ya mama yake, kwa kuwa mashine ilikuwa ikimsomea.

Mishi alitoka nje akaenda kuyasogeza masufuria bila sababu.

Simu ilianza kulia. Mfinanga. Zamda aliacha ilie. Mfinanga tena. Tanga nzima sasa wazee walikuwa wakitikisa vidani vyao, na malori yalikuwa yamesimama barabarani yakingoja sauti ya kutii. Kesho asingekuwa na kazi. Labda keshokutwa angekuwa mahakamani, kwa maana Mfinanga alikuwa Mpare, na Mpare kesi hazimchoshi. Namba ya tatu ilikuwa ya Mzee Mbaruku. Hii akaipokea.

"Binti Kiondo. Kidani changu kimekufa."

"Nimeviua vyote, mzee. Na mwangwi wako ulioibwa umekufa. Malori yako yatakuwa yamesimama popote yalipo, mtume mtu ayaendeshe kwa mkono. Walioiba walipita kwenye tundu langu. Niliacha mlango mmoja wazi kwa ajili ya mama yangu, wakapita hapo. Si hitilafu ya mtandao. Asubuhi nilikudanganya."

Kikohozi kilisikika, kirefu, kile kile.

"Wengine umeshawaambia?"

"Naanza na wewe. Wengine nawapigia sasa."

"Wapigie. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nitakuja Jumatatu kwa miguu yangu kukudai machungwa yangu. Usidhani nimesamehe."

"Njoo, mzee wangu."

"Na adabu umeiweka wapi? Umepokea simu yangu hujaniamkia."

Zamda alifumba macho. "Shikamoo, mzee."

Alisikia pumzi kwanza, ule upepo mdogo unaotangulia, kifua cha mzee kikipanda huko Muheza.

"Marahaba," alisema Mzee Mbaruku, akakata simu.

Zamda alipofumbua macho, mama yake alikuwa amemsogelea mkekani. Bi Nuru aliinua kidole, akajigusa kifuani, akainua nyusi. Na mimi je?

"Nimeshakuamkia, mama."

Kidole kikagusa kifua tena. Ile ilikuwa ya kidude. Hii yake.

"Shikamoo, mama," alisema Zamda, na sauti ikampasukia katikati.

Midomo ya Bi Nuru ilifunguka, ikafunga, ikafunguka. Safari hii Zamda hakuyaondoa macho yake. Aliliona neno lote, na lile lililofuata, na aliyabahatisha yaliyobaki. Kisha mama yake akainua mkono wenye vumbi la mchele, akauweka juu ya kichwa cha mwanawe, akauacha pale.